Meli mpya mmezipata, zamu nani ataishika? Barua ya wazi kwa wakuu wa Jeshi la Majini la Marekani

Kwa Waziri wa Jeshi la Majini la Marekani, kwa Mkuu wa Military Sealift Command hapa Norfolk, idara ya meli za jeshi zinazoendeshwa na raia, na kwa waheshimiwa wabunge na maseneta mnaokaa kwenye kamati za majeshi,

Salamu nyingi. Nawaandikia juu ya meli zenu za mafuta: meli mpya mnazo, mabaharia wa kuziendesha hawatoshi.

Kwanza naomba radhi kwa lugha. Kiingereza nakijua, nimekisema humu nchini zaidi ya miaka ishirini, lakini nikiwa na jambo zito mdomo unarudi wenyewe Mombasa. Wafasiri mnao, tena mnawalipa. Wapeni kazi ya asubuhi moja. Isitoshe, barua hii ni ya wazi. Watakaoisoma kabla yenu ni jamaa zangu wa Norfolk, wa Portland kule Maine, wa Maskati na wa kwetu Likoni, na wengi wao wana watoto ambao nitawaombea kitu huko mbele.

Mimi ni baharia mstaafu. Sikuvaa sare ya jeshi lolote. Nilikuwa mtu wa pampu kwenye meli za mafuta za biashara: kazi yangu ilikuwa kujua mafuta yako tangi gani, yanakwenda wapi, na vali ipi ifungwe kabla ya ipi kufunguliwa. Nimeijua kazi hiyo kwa mikono, na kwa ajili hiyo nimethubutu kuwaandikia nyinyi wakuu wa meli za mafuta za jeshi.

Mara ya kwanza kuiona meli yenu ya mafuta nilikuwa kijana, Kilindini, mwishoni mwa miaka ya 80. Kenya ilikuwa imekubaliana nanyi tangu 1980 kwamba manowari zenu zitumie bandari yetu, na zilipoingia mji mzima ulijua. Watoto walikimbilia mizinga. Mimi na wenzangu tulikuwa kwenye boti ya kupeleka mboga, na nyuma ya manowari tukaikuta meli moja ndefu ya kijivu, haina mzinga wa kuonekana, deki imejaa minara na waya. Serangi wetu, mzee wa Lamu, akaitazama kwa muda, akasema, "Hiyo ndiyo mama. Hizo nyingine zote zinanyonya."

Kilichotushangaza zaidi ni watu wake. Waliteremka gatini na mashati ya kawaida, wengine na vitambi, wengine na mvi, mmoja na miwani ya kusomea imening'inia kifuani. Tukaulizana, jeshi gani hili? Baadaye nikaelewa tofauti ya herufi. Manowari huandikwa USS na huendeshwa na askari. Meli ile iliandikwa USNS, maana yake ni mali ya jeshi lakini wanaoiendesha ni mabaharia wa kiraia, watu wa ajira kama mimi, ila mwajiri wao ni serikali. Mpaka leo ndivyo mlivyo. Misafara yenu ya manowari duniani, kwa mafuta, inawategemea raia wenye miwani ya kusomea.

Kwa wasomaji wangu wasioijua bahari, niseme kidogo kwa nini. Mtu anaweza kuuliza: manowari zao za kubeba ndege si zinaendeshwa kwa nguvu za nyuklia, mafuta ya nini? Manowari yenyewe ni kweli haihitaji. Ndege zilizo juu yake ndizo zinazokunywa, tena zinakunywa kila siku. Na manowari ndogo zinazoizunguka kuilinda zote zinatembea kwa mafuta, na zikikimbia zinayamaliza kwa siku chache. Bila meli ya mafuta karibu, msafara wote unabaki na mambo mawili: kupunguza mwendo au kuingia bandarini. Nalo la kuingia bandarini mnalijua lilivyowagharimu. Tarehe 12 Oktoba 2000 manowari USS Cole ilikuwa imesimama Aden inajaza mafuta, kikaja kiboti kikapasuka ubavuni mwake, wakafa mabaharia 17. Miaka kumi iliyotangulia, vita baridi vilipokwisha, mlikuwa mmepunguza meli zenu za mafuta.

Kazi yenyewe nimewahi kuiona kwa karibu kuliko nilivyotaka. Meli yetu ya biashara ilikuwa imekodiwa kuijaza mafuta meli ya jeshi katikati ya bahari, ili nayo ikazijaze manowari. Meli mbili zinakwenda sambamba, mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) kumi na mbili hivi, baina yao pana mita kama hamsini. Hazisimami. Kwanza inapigwa bunduki ya kurushia uzi, uzi mwembamba wa rangi ya chungwa unaoruka na kuangukia deki yako kama wa tiara uliokatika. Uzi unavuta kamba, kamba inavuta kamba nene, kamba nene inavuta waya wa chuma, na juu ya waya ndipo unapokuja mpira wa mafuta, mnene kama paja la mtu. Maji yanayobanwa katikati ya meli mbili hayana adabu: yanazisukuma pua na kuzivuta matumbo. Mshika usukani haangalii kitu ila dira. Akipotea nyuzi mbili tu na asishtuke, meli zinabusiana. Kwenye winchi kuna mtu anayeusikiliza waya. Nasema anausikiliza, kwa sababu waya ukikaribia kuchoka hulia kabla ya kukatika, na ukikatika hauchagui mtu. Sisi wa pampu tulisimama na redio sikioni, mkono kwenye gurudumu la vali, kwa muda wa saa tatu na nusu. Nilipokwenda kukojoa nilikuta vidole havikunjuki.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanasahaulika hesabu za meli zinapopigwa mezani. Mitambo imeboreka sana, lakini uzi bado unahitaji mtu wa kuupokea.

Sasa tuje kwenye meli zenyewe, na hapa nitawasifu, maana mtu akifanya jema aambiwe. Meli zenu za zamani, za aina ya Henry J. Kaiser, ya kwanza mliipokea 1986 na ya mwisho 1996. Mliagiza 18 mkapata 16. Mbili hazikumalizika, mimi mwenyewe nilipohamia huku nilizikuta zimeegeshwa mto James pamoja na meli kuukuu nyingine, meli ambazo hazikuwahi kumpa mtu hata tone, mpaka zikapelekwa kukatwa chuma. Zilizobaki zimefanya kazi ya punda bila kulalamika. Lakini nyingi ni za ukuta mmoja. Tatu za mwisho tu ndizo zenye kuta mbili. Baada ya meli ya mafuta Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska 1989, sheria yenu ya mwaka uliofuata ilizitaka meli za biashara ziwe na kuta mbili, na sisi tulishuhudia zile za ukuta mmoja zikiondolewa moja moja bandarini. Zenu za jeshi ziliendelea kutembea. Baina ya mafuta na bahari pana bamba moja la chuma, na bamba hilo sasa lina umri wa mtu mwenye wajukuu.

Kwa hiyo mlipotia saini mwaka 2016 na kiwanda cha NASSCO kule San Diego mjengewe meli sita za mwanzo za aina ya John Lewis, mlifanya sawa. Meli ya kwanza ikakabidhiwa 2022. Ina kuta mbili, urefu wa mita 226, inabeba mapipa 162,000 na kukimbia noti 20. Septemba 2024 mkaongeza nyingine nane kwa mkataba wa dola bilioni 6.7 na ushei, na shabaha yenu ni kufika ishirini. Nimeiona mmoja wa ndugu hao ikipita mlangoni mwa ghuba hapa Hampton Roads, nikasimama na baiskeli yangu kama mtoto. Rangi bado inang'aa, mirija imepangwa kama mishipa ya kitabuni. Nilitamani niwe na miaka thelathini.

Halafu Novemba 2024 mkatangaza kwamba mnaegesha meli 17.

Meli hizo hazikuwa mbovu. Mliziegesha kwa kukosa watu. Kumi na mbili ni zile za mwendo kasi za kubebea askari na mizigo, mbili ni kambi zinazoelea, mbili ni za kugawa shehena na risasi, na moja ni ya mafuta. Mliona bora mabaharia wao, mamia ya watu, mkawagawe kwenye meli nyingine ili nao wenzao waliochoka wapate kwenda nyumbani. Uamuzi wenyewe siulaumu. Nahodha mwema huteremsha tanga kabla halijachanika. Naulaumu mwaka ambao mlijua na mkanyamaza, na sijui ni upi, lakini hesabu hii hata mke wangu anayeuza sambusa angeiona mapema. Kwa kila nafasi moja baharini mlikuwa na mtu mmoja na kama robo. Baharia wenu anatarajiwa kukaa melini miezi minne ndipo apate likizo. Sasa mwenzake wa kumpokea atatoka wapi, na mwenzake ni robo ya mtu? Huyo robo ndiye anayetakiwa pia kuugua, kuoa, kuzika, kwenda kozi ya kuzima moto na kuhuisha vyeti vyake. Matokeo ni kwamba miezi minne inakuwa mitano, inakuwa sita, na mtu anapofika nyumbani anakutana na simu inamuuliza atarudi lini. Akifanyiwa hivyo mara ya pili anaacha kazi. Akiacha, waliobaki wanabeba na zamu yake, nao wanaacha. Ngalawa huzama hivyo hivyo, maji yakiingia polepole upande ulioelemea.

Nitawaeleza uchovu ni nini, tena kwa kujisema mwenyewe. Haikuwa meli yenu, na kampuni siitaji. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita. Wa kunipokea akaugua, aliyefuata akakosa viza, nikaingia mwezi wangu wa tisa melini. Usiku mmoja tunahamisha mafuta kutoka tangi la kati kwenda la ubavuni, nikaenda kwenye vali, nikaigusa, nikahakikisha namba yake kwa tochi, nikaisoma kwa sauti kwenye redio, kisha nikaifungua iliyo jirani yake. Nakumbuka namba niliyoisoma. Mkono ulifanya jambo ambalo macho hayakuuambia. Ndani ya dakika mafuta yalikuwa yanachemka juu ya deki, yanakwenda na mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, na kijana mmoja wa Kihindi aliyekuwa ameketi anakunywa chai alivua shati lake akalishindilia kwenye tundu kabla sijapata hata kupiga ukelele. Shati lile liliokoa bahari, meli na kazi yangu. Tulifagia kwa vumbi la mbao mpaka alfajiri. Sikuwa mlevi na sikuwa mjinga, nilikuwa nimekaa melini siku sitini zaidi ya kiasi changu.

Ndiyo maana Septemba 2024, binamu yangu wa Maskati aliponitumia kipande cha video cha maji yakimiminika ndani ya meli yenu Big Horn, nilikitazama mara tatu. Meli ya 1992, imeumia upande wa usukani karibu na pwani ya Oman. Taarifa zilizochapishwa siku zile zilisema ndiyo meli yenu pekee ya mafuta iliyokuwa ikiuhudumia msafara wa manowari Abraham Lincoln, na mkaanza kutafuta meli ya biashara ya kuziba pengo. Chanzo cha ajali yenyewe sikisemi, wachunguzi wapo. Mimi nilichokiona ni hesabu: msafara mzima wa vita, maelfu ya watu na ndege zao, umening'inia kwenye meli moja ya miaka 32. Binamu yangu, ambaye maisha yake yote ameuza vipuri vya magari, aliandika chini ya video: "Hawa jamaa hawana spea?"

Spea mnazo, zimeegeshwa. Zinangoja watu.

Na hitaji linazidi. Matangi makubwa ya chini ya ardhi ya Red Hill, Hawaii, ambayo tangu vita vya pili vya dunia yalikuwa ghala lenu la mafuta la Pasifiki, yalivuja 2021 hadi mafuta yakaingia kwenye maji ya kunywa ya familia za askari wenu wenyewe, na mwaka uliofuata ikaamriwa yafungwe. Kuyafunga ni haki kabisa. Mafuta juu ya kisima cha watu hayakai. Lakini mafuta yaliyokuwa yakilala mlimani sasa sehemu yake inabidi ielee, na kila kinachoelea kinataka watu wa zamu usiku na mchana. Pasifiki si Mfereji wa Suez. Huko hakuna bandari kama Duqm ya Oman wala Djibouti ya kukimbilia.

Naomba niseme na la majina, ingawa nilijiapia nisiingie. Juni 2025 mlibadilisha jina la meli ya pili kati ya hizi mpya. Ilikuwa Harvey Milk, jina la mwanasiasa aliyepigania haki za mashoga, mkaiita Oscar V. Peterson. Watu waligombana sana juu ya jina lililoondolewa, na kwa maoni yangu meli iliyokwisha kubatizwa huachwa na jina lake; kwetu pwani kubadilisha jina la chombo ni kukitafutia nuksi. Ila nimeona watu wachache mno waliouliza huyo aliyewekwa ni nani, na mimi nimemsoma. Peterson alikuwa fundi mkuu wa stimu kwenye Neosho, meli ya mafuta. Tarehe 6 Mei 1942, katika bahari ya Matumbawe, Neosho iliijaza mafuta manowari ya ndege Yorktown, kisha ikaachana na msafara pamoja na manowari moja ndogo, Sims, ya kuisindikiza. Kesho yake ndege za Kijapani zikawakuta, marubani wakadhani meli ya mafuta ni manowari ya kubeba ndege. Sims ikazama. Neosho ikapigwa mabomu mpaka ikawaka na kulala upande. Peterson alikuwa ameungua uso, mabega, mikono. Akaenda hivyo hivyo kufunga vali za stimu, akazifunga zote, akaungua tena. Meli ikaelea siku nne bila injini kabla ya manowari Henley kuwafikia na kuwaokoa watu 123 wa meli zote mbili. Yeye akafariki tarehe 13. Nishani yenu kubwa kuliko zote alitunukiwa akiwa keshakufa, na mwanawe alikuja kukabidhiwa rasmi mwaka 2010, miaka 68 baadaye.

Basi mmeliandika ubavuni mwa meli mpya jina la mtu wa vali. Vizuri. Na huyu wa leo, aliyesimama kwenye vali hizo hizo chini ya jina hilo, likizo yake ilikuwa tarehe ngapi?

Ninayoyaomba si mengi. Tarehe ya kushuka ya baharia iwe ahadi, isiwe makisio, na ikipita alipwe kwa kila siku fidia ya kutosha kumuuma anayelipa. Nawajua wahasibu, bila maumivu hawasogei. Zile kozi na vyeti, asivifuate kwenye likizo yake. Mtu wa likizo yuko likizo. Intaneti melini msiihesabu anasa: kijana wa leo anaweza kuvumilia mawimbi ya mita sita, asichoweza ni kumkosa mtoto wake kwenye simu wiki tatu. Na nyinyi wa Bunge la Congress, mnapopitisha fedha za meli moja ya mafuta, pitisheni pale pale, kwenye karatasi ile ile, fedha za wafanyakazi wake mara mbili, wa zamu na wa kupokea zamu. Nimeona mnavyopenda kupigwa picha siku chupa inapovunjwa puani mwa meli. Baharia anapoajiriwa hapavunjwi chupa, najua, lakini mpigieni kura hivyo hivyo.

Kisha lipo lile la watoto wetu nililoahidi. Sheria yenu inataka baharia wa meli hizi awe raia wa Marekani, apekuliwe, awe na kitambulisho cha bandarini na cheti cha ubaharia. Sawa. Hapa Norfolk, na Portland, na miji mingine mingi, kuna vijana waliokuja wadogo kutoka kambi za wakimbizi, Wakongo kwa maelfu, Wasomali, Warundi, ambao sasa ni raia kamili. Wanafanya kazi usiku kwenye mabohari ya kupakia vifurushi, wamesimama kwa muda wa saa kumi. Wengine wazee wao walikuwa wavuvi wa Tanganyika na Kivu. Nimewauliza saba msikitini kwetu na kwenye kanisa la jirani iwapo wanajua kwamba serikali inatafuta mabaharia na haina. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia. Mmoja alidhani namshawishi ajiunge na vita. Nikamweleza ni kupika, kufunga kamba, kutunza injini, kushika usukani. Nikamweleza mshahara wa kuanzia, akaniuliza kwa nini hakuna mtu aliyekuja kuwaambia.

Nikakosa jibu. Ofisi zenu ziko dakika ishirini kwa gari kutoka pale tulipokuwa tumeketi. Mtumeni mtu mmoja siku ya Jumamosi, na fomu, na mtu wa kueleza gharama za vyeti zinavyoweza kukopeshwa ili kijana azilipe kwa mshahara wake wa kwanza. Chai nitaitoa mimi. Mwambieni asije na sare.

Sisi watu wa Mombasa tunajua raia wa baharini ni nani. Aprili 2009, meli ya mizigo ya Kimarekani Maersk Alabama ilipotekwa na maharamia ikija kwetu na shehena ya msaada wa chakula, dunia ilitazama wapiga shabaha wa jeshi waliomwokoa nahodha wake, na walistahili. Lakini meli yenyewe ililetwa Kilindini na mabaharia wake, watu wa kawaida, nahodha wao akiwa bado mateka kwenye boti ya kuokolea. Tuliwaona wakiegemea vyuma vya deki, wamechoka, wanatupungia. Mikono ndiyo hiyo hiyo inayoshika mipira yenu ya mafuta.

Jambo la mwisho, na hili halihitaji bajeti. Mnatoa taarifa meli ngapi zimejengwa, zimefikia asilimia ngapi, ipi imewekewa msingi. Ongezeni mstari mmoja chini yake: leo hii, ni mabaharia wangapi wako melini na tarehe yao ya kushuka imeshapita, na aliyepitiliza kuliko wote amepitiliza siku ngapi. Itangazeni namba hiyo hadharani, San Diego wanapokata chuma cha meli inayofuata. Nitakuwa nikiitazama kila tarehe mosi.

Wenu,
Mtu wa pampu, mstaafu
Norfolk, Virginia